JE, WAJUA? Buddha anayejitazama kwenye runinga

Mwaka 1974 mkazi wa Lumemo, Ifakara, alipata habari za dunia redioni. Runinga ilikuwa Zanzibar, iliyoanza kurusha picha za rangi mwaka 1973. Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994.

Mwaka huohuo wa 1974, jijini New York, msanii Nam June Paik, mzaliwa wa Seoul, aliweka sanamu ya kale ya Buddha mbele ya runinga. Akatega kamera iielekee sanamu na kuiunganisha moja kwa moja na runinga hiyo. Hakuna mkanda uliorekodiwa: Buddha anajitazama papo hapo, kutwa kucha, kama mtawa aliyezama katika tafakuri. Mtazamaji akichungulia kwa nyuma ya sanamu, naye anatokea kwenye kioo.

Kazi hiyo, *TV Buddha*, ilinunuliwa mwaka 1977 na jumba la makumbusho la Stedelijk, Amsterdam. Paik, aliyefariki mwaka 2006, huitwa baba wa sanaa ya video.

Jaribu mwenyewe: washa kamera ya mbele ya simu, iegemeze mbele ya kinyago. Mtambo ni uleule.