Mbona Programu Yako ya Data Haipati Matoleo Mapya?

Je, biashara yako hutumia pandas kujumlisha miamala ya mwezi? pandas ni programu huria, na hutegemea nyingine kama Python na NumPy. Kila toleo la zamani linalokubaliwa lazima lijaribiwe upya kila kitu kikibadilika. Wanaofanya kazi hiyo wengi ni wa kujitolea, kwa hivyo mahali fulani lazima wakate.

Wanakata wapi?
Miradi kadhaa hufuata mwongozo wa SPEC 0: Python huachwa miaka 3 baada ya kutoka, NumPy miaka 2. Python 3.10 ilitoka Oktoba 2021, so muda wake hapo uliisha Oktoba 2024, ingawa Python yenyewe inairekebishia usalama hadi Oktoba 2026.

Hatari iko wapi?
Hutaona onyo. Ukiomba toleo jipya, pip hukupa la mwisho linalokubali Python yako. Kazi inaendelea, lakini marekebisho mapya hayakufikii.

Ufanye nini?
Andika matoleo unayotumia. Kabla ya kusasisha, jaribu kando na nakala ya taarifa ya mwezi uliopita. Jumla zikilingana, endelea. Zisipolingana, usiguse mfumo wa dukani kwanza.