Athari ya Lugha ya Kwanza na Utambuzi wa Kasoro za Usemi katika Shule za Msingi za Mbeya na Iringa

Mwalimu wa darasa la kwanza wilayani Rungwe amsikiapo mtoto akitamka *lafiki* badala ya *rafiki*, *sawadi* badala ya *zawadi* na *sule* badala ya *shule*, huwa mbele ya hukumu mbili. Ama mtoto ana kasoro ya usemi, ama anatamka Kiswahili kwa sauti za lugha ya nyumbani. Hukumu ya kwanza ikikosewa, mtoto hubandikwa ulemavu asio nao. Ya pili ikikosewa, hunyimwa msaada katika umri ambao ungemfaa zaidi, na kosa hili la pili ndilo zito, kwa kuwa hakuna anayelibaini.

Mfumo wa sauti wa Kinyakyusa unaeleza mengi. Lugha hiyo ina irabu saba, Kiswahili kina tano; lakini haina /r/ iliyo fonimu tofauti na /l/, wala vikwamizo /z/, /v/ na /sh/. Kwa hiyo *fitabu* kwa *vitabu* si ugonjwa. Hali ni nyingine mtoto anaposema *tutu* kwa *kuku*. Sauti /k/ imo katika lugha zote mbili, na jina la ndege huyo kwa Kinyakyusa ni *inguku*. Iwapo na hilo linamtoka kwa /t/, athari ya lugha ya kwanza haiwezi kuwa sababu. Vivyo hivyo kwa mtoto anayeiacha /s/ kabisa: Kinyakyusa kinayo, na maji yenyewe huitwa *amisi*. Huyo apimwe masikio kwanza, maana sauti za aina hiyo ni miongoni mwa zinazopotea mapema usikivu unapopungua.

Iringa suala hubadilika sura. Kihehe ni lugha ya toni, na kupanda na kushuka kwa sauti katika Kiswahili cha mtoto wa Kilolo kusichukuliwe kuwa dosari. Kigugumizi nacho kwa kawaida hujitokeza katika lugha zote za msemaji. Anayesitasita darasani tu, na nyumbani akazungumza bila kukwama, huenda bado anatafuta maneno ya Kiswahili.

Mtaalamu wa tiba ya usemi angetazamiwa kuyatatua haya, lakini ni wachache mno. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha shahada ya fani hiyo mwaka 2008. Hata vipimo ni haba: utafiti wa Gangji na wenzake uliochapishwa mwaka 2015 ulichunguza matamshi ya watoto 24 wa Dar es Salaam, wenye umri wa miaka mitatu hadi chini ya sita, ambao lugha yao ya kwanza ni Kiswahili. Ni kazi ya thamani, ila mtoto wa Tukuyu akipimwa kwa mizani hiyo ataonekana mgonjwa. Wanaisimu, ambao kwa miongo mingi wameeleza ngeli na vitenzi vya lugha hizi kutoka vinywani mwa wazee, hawajawasikiliza watoto kwa kiasi hicho.

Mpaka vipimo vipatikane, orodha fupi ya maneno ya vitu vya nyumbani, yatamkwe kwa lugha zote mbili mbele ya bibi au mzazi anayeijua lugha ya mtoto, yatosha kumwonyesha mwalimu ni nani wa kupelekwa hospitali kupimwa masikio.