Mtoto Akivunjika Mkono, Apelekwe Wapi?

Majira ya maembe yafikapo, na shule zikafungwa mwezi wa Desemba, watoto hupanda miti kutwa kucha, wala hapana mzazi awezaye kuwazuia wote. Katika wengi wapandao, hakosi mmoja kuteleza. Huanguka, akanyosha mkono ili ajikinge, na uzito wote wa mwili ukaelemea kiwiko. Hapo huanza shauri ambalo nyumba nyingi za Kenya zalijua. Nyanya asema aitwe mwunga mifupa aliye ng'ambo ya mto. Mama asema zahanati, kwa kuwa ni karibu. Baba ahesabu fedha zake, kisha asema, "Na tungoje mpaka asubuhi, tuone kama uvimbe utapungua."

Katika makala haya nataka tulichungue shauri hilo bila kumdharau yeyote katika hao watatu, maana kila mmoja ana hoja yake. Lakini nyanya aanza kwa desturi, mama kwa umbali wa njia, na baba kwa fedha. Yatupasa kuanza kwa jeraha lenyewe: lataka matibabu gani, na latupa muda gani?

TAZAMA VIDOLE KWANZA

Kuvunjika mfupa wa mkono juu kidogo ya kiwiko ni jambo la kawaida sana kwa watoto, hasa wenye umri wa miaka 5 mpaka 7. Hatari yake haimo katika mfupa peke yake. Mbele ya kiwiko hupita mshipa mkubwa wa damu, pamoja na mishipa ya fahamu inayoendesha vidole. Mfupa uliokatika waweza kuubana mshipa ule wa damu, au hata kuupasua. Tena uvimbe ukizidi ndani ya mkono, damu hukosa njia. Misuli iliyokosa damu huanza kuharibika baada ya saa chache tu, na zikipita saa 6 hivi yaweza kufa kabisa, isirudi tena hali yake. Vidole hujikunja kama makucha ya mwewe, visiweze kushika kalamu wala jembe.

Basi, kabla ya kushindana kwa maneno, mtazame mtoto vidole. Vilinganishe na vya mkono wa pili. Je, ni vya baridi, au vimebadilika rangi? Bonyeza ukucha kisha uuachilie: wekundu wake usiporudi katika sekunde 2 hivi, jua kwamba huenda damu haifiki vizuri. Mwulize kama anasikia ukimgusa, na kama aweza kuvichezesha. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hasa vidole vikinyoshwa, ni ishara mbaya mno. Kadhalika kidonda kilicho juu ya mfupa uliovunjika, hata kikiwa kidogo kama tundu la msumari, maana yake yaweza kuwa mfupa ulitokeza nje. Mtoto mwenye dalili mojawapo ya hizi asingojeshwe asubuhi. Na aende upesi hospitali yenye eksirei na chumba cha upasuaji.

MWUNGA MIFUPA NA SIFA ZAKE

Haifai kusema kwamba watu wampendao mwunga mifupa ni wajinga. Mtu huyo yu karibu, hukubali kulipwa kidogo kidogo, na huzungumza na wazazi kwa upole kwa lugha yao. Tena ni kweli kwamba wengi hupona mikononi mwake. Lakini yafaa tujue sababu. Mifupa ya watoto huunga upesi. Mingi huunga kwa wiki 3 mpaka 6, hata ikisaidiwa kidogo tu. Kwa hiyo mfupa uliopata ufa mwembamba ungepona vilevile kwa kutulizwa, na sifa humwendea aliyeufunga.

Shida ni kwamba hawezi kuona ndani ya nyama, jambo ambalo limewezekana tangu mwaka 1895, Wilhelm Röntgen wa Ujerumani alipogundua miale ya eksirei. Kwa kupapasa tu ni vigumu kutenganisha ufa mwembamba na mfupa uliohama, au kujua kama imeumia ile sehemu laini iliyo karibu na ncha ya mfupa, ambayo kwayo mtoto hukua. Akikikanda kiwiko kilichovimba, kisha akakifunga mabanzi kwa kukaza, huongeza uvimbe mahali pasipo na nafasi.

Wala tusidhani kwamba kosa hilo ni la waganga wa kienyeji tu. Mwaka 1881 Richard von Volkmann, daktari mpasuaji wa Ujerumani, aliandika habari za viungo vilivyolemaa baada ya kufungwa bendeji za kubana mno, na ulemavu huo waitwa kwa jina lake hata leo. Plasta ya hospitali nayo ikibana yaweza kuua misuli. Kwa sababu hiyo, mzazi aliyerudi nyumbani na mtoto mwenye plasta aendelee kutazama vidole mchana na usiku, hasa siku 2 za kwanza, tena arudi hospitali bila haya akiviona vya baridi au vimekufa ganzi.

ZAHANATI, HOSPITALI NA GHARAMA

Huduma za afya katika Kenya zimepangwa kwa ngazi 6. Ya 1 ni ya kijijini, ya 2 ni zahanati, ya 3 ni vituo vya afya, ya 4 na ya 5 ni hospitali za kaunti, na ya 6 ni hospitali kuu za taifa, kama ile ya Kenyatta iliyo Nairobi na ya Moi iliyo Eldoret. Zahanati yafaa sana kwa mikwaruzo, vidonda vidogo na sindano ya pepopunda. Kwa mfupa, aghalabu haina eksirei. Lakini kama hospitali ni mbali, mwuguzi wa zahanati aweza kutoa dawa ya maumivu, kuutuliza mkono na kuandika barua ya kumpeleka mtoto mbele. Hivyo kupita zahanati si kosa. Kosa ni kulala huko, au kurudi nyumbani na barua mfukoni.

Njiani, mkono usivutwe wala kunyoshwa kwa nguvu. Uegemezwe kama ulivyo kwa kipande cha boksi gumu, ubebwe kwa leso iliyofungwa shingoni, na bangili zivuliwe kabla uvimbe haujazidi. Tena asipewe uji wala chai ya maziwa, maana anayetiwa dawa ya usingizi kwa ajili ya upasuaji hutakiwa awe amekaa saa kadhaa bila chakula. Bakuli moja la huruma laweza kuchelewesha kazi ya daktari.

Kuhusu fedha, ada za zahanati na vituo vya afya vya serikali ziliondolewa mwezi wa Juni 2013. Gharama za hospitali ni jambo jingine. Tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua mahali pa NHIF, na mzazi mwenye busara hujiandikisha pamoja na watoto wake kabla ya ajali. Tena Katiba ya 2010, Ibara ya 43, yasema kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 yataja katika matibabu hayo hata kupanga safari ya mgonjwa kwenda hospitali nyingine. Sheria haisemi kwamba hakutakuwa na deni. Yasema mgonjwa wa dharura asifukuzwe mlangoni. Mkono usiopata damu ni dharura, na mzazi aliseme neno hilo waziwazi.

Basi, ndugu wasomaji, shauri hili lafaa kufanywa siku ya amani. Ulizeni ni hospitali gani iliyo karibu yenye eksirei, na kama hufanya kazi usiku. Tafuteni mwenye gari au pikipiki atakayekubali kuitwa usiku wa manane, mkaiandike namba yake ukutani. Na nyanya aelezwe yote, afundishwe na kutazama vidole, kwa maana mara nyingi yeye ndiye abakiye na watoto mchana, na neno lake ndilo litakalosikiwa kwanza.