Bukavu: Wiki mbili za kwanza ndizo zinaamua kama kambare atafika sokoni

Katika jimbo la Kivu Kusini, watu wengi wanaoanza kufuga samaki wanachagua kambare kwa sababu ni samaki mgumu. Wamemwona akiishi kwenye matope na akibaki hai kwa saa nyingi ndani ya beseni la muuzaji. Lakini anayemwaga watoto wa kambare ndani ya bwawa lake, wale wafugaji wanaoita alevini, anaweza kurudi baada ya mwezi mmoja na kukuta wachache tu. Wengine wanasema ni wezi, wengine wanasema ni bahati mbaya.

Mara nyingi sababu iko kwenye maumbile ya samaki mwenyewe. Kambare mkubwa anavumilia karibu kila kitu. Mtoto wake, katika siku zake za kwanza, havumilii karibu chochote.

Ziwa peke yake halitoshi

Ziwa Kivu lina kina cha mita 485 hivi, lakini samaki wanaishi katika sehemu ya juu tu. Chini ya mita 60 hivi hakuna oksijeni, kuna gesi ya metani na gesi ya kaboni. Aina za samaki wa ziwa hili hazifiki 30, wakati Tanganyika ina mamia. Hata sambaza, ambayo leo iko kwenye sahani za Ibanda, Kadutu na Bagira, si mwenyeji: ililetwa kutoka Tanganyika mwaka 1959.

Mji umekua kuliko ziwa linavyoweza kulisha. Ndiyo maana mabwawa yanachimbwa Kabare, Walungu na kwingineko katika mabonde ya karibu. Tilapia ndiye aliyezoeleka zaidi, lakini anazaa ovyo na bwawa linajaa samaki wadogo. Kambare anakua haraka, na anaweza kufugwa pamoja na tilapia ili apunguze wale watoto waliozidi.

Kambare hakuletwa toka mbali. Katika Ziwa Kivu na vinamasi vyake kuna aina mbili: Clarias gariepinus, yule mkubwa anayefugwa Afrika nzima, na Clarias liocephalus, mdogo wa maji ya milimani. Wote hawana magamba, wana kichwa bapa na ndevu nane za kutafutia chakula gizani. Kwa sababu ya kukosa magamba, Waadventista na wengine wanaofuata Mambo ya Walawi sura ya 11 hawamli.

Mvua ndiyo inayoleta mayai

Porini, kambare anangoja mvua. Maji yakipanda na kufunika majani ya pembeni, samaki wanatoka usiku kwenda huko kwenye maji mafupi, jike anataga na dume anarutubisha. Mayai yananata kwenye majani, na wazazi wanaondoka. Hawalindi kitu.

Ndani ya bwawa mambo yanabadilika. Jike anabeba mayai yaliyokomaa, tumbo linajaa, lakini hatagi kwa kawaida, maana alama ile ya mafuriko haiko. Ndiyo maana mafundi wanamchoma sindano ya homoni, ya kununua au iliyotolewa kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo wa kambare mwingine. Njia hii ilifanyiwa kazi sana Bangui, Afrika ya Kati, katika miaka ya 1970, na leo inatumika katika inchi nyingi.

Baada ya saa kadhaa, fundi anakamua tumbo la jike polepole na mayai yanatoka. Kwa dume haiwezekani kukamua hivyo. Kwa kawaida anachinjwa ili mbegu zitolewe. Mbegu zikiguswa na maji zinakuwa hai kwa muda wa dakika moja hivi tu, kwa hiyo kazi inafanywa haraka. Jike mmoja wa kilo moja anaweza kutoa makumi ya maelfu ya mayai, kila moja likiwa na upana wa milimita moja na kidogo. Yai zima lina rangi ya kahawia inayoelekea kijani. Lililogeuka jeupe limekufa, na lisipoondolewa linaota ukungu na kuharibu mengine.

Hapa baridi inaingia

Muda wa kuanguliwa unategemea joto la maji. Kwenye nyuzi 28, yai linaanguliwa kwa siku moja hivi. Kwenye nyuzi 20, linaweza kupita siku mbili. Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na wastani wa hewa yake ni karibu nyuzi 20. Kwa hiyo bwawa la mlimani, usiku, linaweza kushuka chini zaidi ya kile kambare mchanga anachopenda. Mayai yanachelewa, ukungu unapata nafasi, na wanaotoka wanakula kidogo na kukua polepole.

Anayetoka kwenye yai ana urefu wa milimita 5 hadi 7 tu. Siku za kwanza hali: anaishi kwa kiini alichobeba tumboni, akijificha na wenzake penye giza. Siku ya tatu hivi kiini kinakwisha, na anaanza kuogelea na kutafuta chakula. Lakini tumbo lake halijakamilika, na unga mkavu haumsaidii vizuri. Anahitaji wadudu wadogo sana wa majini, wale wanaozaliana bwawani maji yakitiwa mbolea ya mifugo siku chache kabla. Kiini cha yai la kuku, ambacho wengi wanatumia, kinachafua maji haraka kikizidi.

Jambo la pili ni pumzi. Kambare mkubwa ana kiungo kama mti mdogo juu ya matamvua, ile sehemu nyekundu ya mashavuni, na kwa hicho anavuta hewa ya juu. Mtoto hazaliwi na kiungo hicho kikiwa tayari. Kwa wiki mbili hivi za mwanzo anategemea oksijeni ya ndani ya maji, kwa hiyo maji machafu yanayomwacha mzazi hai yanamuua yeye.

Akipita hapo, adui ni wengine: chura, ndege, watoto wa kereng'ende, na ndugu zake wenyewe, maana mkubwa anammeza mdogo. Kazi iliyofanywa Kongo-Brazzaville na Kenya ilionyesha kwamba kuzungushia bwawa la watoto uzio wa kuzuia vyura kunaongeza sana wanaobaki.

Mfugaji afanye nini

Kwa mfugaji wa Bukavu, kutotolesha mayai katika bwawa la wazi la mlimani ni kujitafutia hasara. Afadhali kutotolesha ndani ya nyumba, kwenye matangi yenye maji safi na joto, au huko chini kwenye bonde la Ruzizi, kuelekea Kamanyola na Uvira, ambako hewa ni ya moto zaidi. Watoto wapandishwe mjini wakiwa tayari wanavuta hewa.

Na anayenunua aulize mambo matatu kabla ya kutoa pesa: wana siku ngapi, wanakula nini, na kama wamechaguliwa kwa ukubwa. Muuzaji akiwa na wa siku tano, bei iwe ya chini sana, maana hatari yote iliyobaki anambebesha mnunuzi. Atazame pia beseni kwa dakika chache: wale wanaopanda juu mara kwa mara kuvuta hewa, kisha kurudi chini wakiwa na nguvu, wamekwisha kuvuka siku mbaya zaidi.