Je, Wajua? Jumapili ya Kumtafuta Tembo, Kutoka Kisangani

Binti yangu ana miaka tisa, na mwezi uliopita aliona kwenye simu ya shangazi yake mtoto wa tembo akinyonyeshwa kwa chupa. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu Mangobo hakuna amani. "Papa, Jumapili twende tukamwone." Anataka tuondoke asubuhi na toleka, baiskeli zetu za abiria, tubebe lituma, yaani ndizi za kupondwa, na samaki wa kufungwa majanini, turudi jioni. Nimeuliza watu, nimepima ramani kwa rula. Niliyoyaokota katika kutafuta ndiyo haya.

Je, wajua kwamba mkoa wa Tshopo una tembo, ila hawafikiki kwa safari ya siku moja?

Wapo katika Hifadhi ya Taifa ya Lomami, iliyotangazwa mwaka 2016, yenye karibu kilomita za mraba 8,900 za msitu kati ya Tshopo na Maniema. Ni pori lile lile la upande wa Opala alikoonekana mwaka 2007 tumbili ambaye wanasayansi hawakuwa wakimjua. Wenyeji walimwita lesula siku zote, na wanasayansi wakampa jina lao mwaka 2012. Upande wa mashariki iko Hifadhi ya Okapi huko Epulu, iliyoanzishwa mwaka 1992. Unapita Bafwasende, unapita Nia-Nia, zaidi ya kilomita 400, na mvua ikishanyesha, njia hiyo huhesabiwa kwa siku. Hifadhi ya Garamba ni mbali zaidi, karibu na mpaka wa Sudan Kusini. Nilipomweleza binti yangu aliniuliza kwa nini tembo wote wamekimbilia mbali. Swali hilo ndilo lililonipeleka kwenye vitabu.

Je, wajua kwamba Kiswahili kilifika Kisangani nyuma ya pembe za ndovu?

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wafanyabiashara kutoka pwani walifuata pembe hadi Maniema, kisha wakashuka na mto hadi kwenye maporomoko yetu. Mkubwa wao alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, mzaliwa wa Zanzibar, anayejulikana kwa jina la Tippu Tip. Henry Morton Stanley aliacha kituo hapa mwishoni mwa mwaka 1883, na mwaka 1887 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji akamfanya Tippu Tip kuwa liwali wa Stanley Falls, yaani hapa, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mfanyabiashara wa pembe na watumwa alilipwa mshahara na mfalme aliyejitangaza Ulaya kuwa mpinzani wa biashara ya watumwa. Wazee wetu walikuwa na haki ya kucheka, kama wangekuwa na nafasi ya kucheka.

Pembe zilisafiri mabegani mwa watu, wengi wao watumwa: Maniema, Ujiji, Tabora, Bagamoyo, kisha jahazi hadi Unguja. Biashara ilikuwa kubwa kiasi kwamba Kiswahili kilikuwa na majina ya pembe kwa ukubwa wake. Buri ilikuwa pembe ndogo, na kalasha ndogo zaidi ya hiyo. Kutoka Unguja nyingi zilivuka bahari hadi jimbo la Connecticut huko Marekani, ambako viwanda vilizipasua vipande vyembamba vya kubandika kwenye vibonyezo vya piano. Baadaye dola ya Leopold hapa Kongo iligeuza njia. Pembe zikaanza kushuka na mto kwenda magharibi, na Antwerp ikawa soko kubwa la pembe duniani. Njia ya mashariki ikakauka, lakini lugha iliyokuja nayo ikabaki. Mama anayeniuzia sombe, majani ya muhogo, sokoni hunikadiria bei kwa Kiswahili, akikasirika anahamia Lingala.

Je, wajua kwamba ukiagiza tembo pwani ya Kenya unaweza kuletewa kinywaji?

Huko tembo ni pombe ya mnazi pia. Wazee wa pwani wakitaka kumtaja mnyama bila utani, husema ndovu.

Je, wajua kwamba tembo wanne wa India waliwahi kushushwa Msasani, Dar es Salaam, ili watembee hadi Kongo?

Ilikuwa mwaka 1879. Leopold alichoka kulipa wapagazi, na mbung'o walikuwa wakiua ng'ombe na farasi, basi akaona tembo waliofugwa wangebeba mizigo kutoka pwani. Wanne hao waliletwa kwa meli kutoka Bombay, wakateremshwa majini, wakafika nchi kavu chini ya uongozi wa Frederick Carter. Watu wa pwani walioujua mwili wa ndovu kwa pembe yake tu waliona ndovu mzima akipita amepakiwa mizigo kama punda. Mmoja alikufia Mpwapwa, na wenzake nao hawakudumu. Carter mwenyewe aliuawa mwaka uliofuata, katika mapigano ya bara, akiwa njiani kurudi pwani.

Mfalme hakukata tamaa. Mwaka 1899 alimkabidhi afisa Jules Laplume kazi ya kufuga tembo wa Kongo wenyewe, katika nchi ya Uele, sehemu iliyokuja kuwa ya Mkoa wa Mashariki ambao makao yake yalikuwa hapa, wakati huo Stanleyville. Kituo kilichojulikana kwanza kilikuwa Api, kisha kazi ikahamia Gangala-na-Bodio, ukingoni mwa Mto Dungu. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye jibu la watu wanaosema tembo wa Afrika hafugiki. Anafugika. Walivuta majembe ya kulimia, walivuta mikokoteni, na wachungaji wao walikuwa Wazande waliofundishwa kazi na walezi wa tembo kutoka Asia.

Lakini tazama walivyopatikana. Walihitaji mtoto, si mzee, na mtoto wa tembo hatoki kwa mama yake kwa hiari. Mwanzoni mama waliuawa. Baadaye kundi la wakimbiaji lilifyatua bunduki hewani ili wakubwa wakimbie, mtoto akibaki nyuma akanaswa miguu kwa kamba, akafungwa mtini, kisha akatembezwa kati ya tembo wawili waliokwisha kuzoezwa. Wengine walikufa siku za mwanzo. Miaka ya 1980 tembo wachache waliobaki wa mradi huo walikuwa wakibeba watalii migongoni huko Garamba. Picha zake ni nzuri, watoto wanacheka juu ya mgongo. Mimi nikiziona namtafuta mama aliyekimbizwa.

Je, wajua kwamba tembo wetu si yule wa kwenye vitabu vya shule?

Yule wa kwenye vitabu ni wa nyika, mwenye masikio mapana. Wa msituni ni mdogo kwa umbo, masikio yake ni ya mviringo, na pembe zake zimenyooka kuelekea chini, jambo la akili kwa anayepita kati ya miti. Hesabu kucha zake: kwa kawaida tano miguu ya mbele na nne ya nyuma, wakati wa nyika ana nne mbele na tatu nyuma. Pembe yake ni ngumu na ina wekundu kidogo, ndiyo maana wachongaji waliitamani. Kati ya mwaka 2002 na 2011 tembo wa msituni katika Afrika ya Kati walipungua kwa asilimia 62, na mwaka 2021 waliorodheshwa peke yao, mbali na wa nyika, kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Je, wajua kwamba kuna miti inayomngoja tembo?

Kuna mti wa msituni unaoitwa Omphalocarpum ambao matunda yake hayaning'inii kwenye matawi. Yameng'ang'ania kwenye shina lenyewe, makubwa, na ganda lake ni gumu kama ubao. Tembo hulivunja kwa nguvu za kichwa na pembe, akala, akaenda zake, na siku kadhaa baadaye mbegu ikatoka kilomita nyingi kutoka kwa mama yake, ikiwa na samadi yake tayari. Tumbili hawezi, nguruwe hawezi. Mwaka 2019 watafiti walikadiria kwamba msitu wa Afrika ya Kati ukipoteza tembo wake utapoteza asilimia 7 ya kaboni iliyohifadhiwa kwenye miti yake, kwa sababu tembo huvunja miche laini na kuachia nafasi miti mizito inayokua polepole. Anayekaa Kisangani na kuona magogo yakishushwa kwenye mto ajue kwamba baadhi ya miti hiyo ilipandwa na mnyama.

Je, wajua kwamba siri ya kumlea yatima wa tembo ilikuwa ndani ya nazi?

Huyu ndiye mtoto wa kwenye simu ya shangazi. Yuko Nairobi, pembeni ya hifadhi ya taifa ya jiji lile, katika makao ya yatima ya shirika la Sheldrick lililoanzishwa mwaka 1977. Daphne Sheldrick, aliyefariki mwaka 2018, alihangaika kwa miaka mingi kutafuta maziwa ambayo mtoto wa tembo angeweza kuyasaga tumboni. Ya ng'ombe yalimwua kila aliyeyanywa, maana mafuta yake hayamfai. Mafuta yaliyokaribia ya mama tembo yalikuwa ya nazi.

Lakini maziwa hayakutosha. Miaka ya 1970 alimlea mtoto mmoja, Aisha, akamzoea yeye tu. Siku Daphne alipokwenda arusini kwa binti yake, Aisha aliacha kunyonya na akafa. Kuanzia hapo ikawa sheria: walezi hubadilishana, ili yatima apende familia, asimpende mtu mmoja. Usiku mlezi hulala kwenye banda moja na mtoto, na chupa huja kila baada ya saa tatu. Mchana hutundikwa blanketi, mlezi anasimama nyuma yake na kupitisha chupa pembeni, na mtoto huegemeza mkonga kwenye blanketi kama angeegemea tumbo la mama. Nilimsomea binti yangu sehemu hii mara mbili kwa amri yake.

Wageni huingia saa tano asubuhi na saa sita mchana wanatoka. Saa moja tu, nyuma ya kamba. Mtoto akikua hupelekwa Tsavo, na miaka inayofuata huanza kulala nje na tembo wa porini hadi siku asiporudi. Wapo waliorudi baada ya miaka, wakiwa na watoto wao waliozaliwa porini, wakawaonyesha walezi.

Kaskazini mwa Kenya, Samburu, kuna Reteti, iliyofunguliwa mwaka 2016, ambayo ni mali ya jamii yenyewe. Huko siku hizi yatima hunywa maziwa ya mbuzi yanayonunuliwa kwa akina mama wa jirani. Kwangu mimi hilo lina akili kuliko hotuba zote za uhifadhi, kwani tembo amekuwa mteja wa nyumbani.

Je, wajua jinsi ya kuitambua nyumba ya tembo iliyo ya haki?

Uliza maswali kama unayomwuliza mtu anayetaka kukuachia mtoto wa kulea. Mama yake yuko wapi? Atakaa hapa mpaka lini? Wakikujibu kwamba atakaa daima, na kwamba kwa pesa kidogo utampanda mgongoni, utamwogesha au atakupigia mpira, jua kwamba Gangala-na-Bodio imehamia hapo na rangi mpya ukutani. Penye heri mgeni huchoka kidogo, kwa sababu haruhusiwi mengi.

Je, wajua kwamba tembo huitana kwa majina?

Mwaka 2024 watafiti walichapisha kazi yao juu ya milio 469 ya tembo wa Samburu na Amboseli. Walipowachezea baadhi ya tembo milio iliyorekodiwa, kwa wastani walisogea haraka zaidi kuelekea mlio uliokuwa umeelekezwa kwao wenyewe. Sehemu kubwa ya mazungumzo yao iko chini ya uwezo wa sikio letu. Katy Payne aliihisi kifuani kama mtikisiko mwaka 1984, akiwa kwenye bustani ya wanyama ya Portland, Marekani, kabla ya vyombo kuthibitisha.

Jumapili tulikwenda kwenye maporomoko ya Wagenia, kwa toleka mbili. Tulikula lituma juu ya mawe huku wavuvi wakipanda kwenye nguzo zao zilizosimikwa kati ya maji yanayonguruma, wakiangalia makapu. Binti yangu aliweka kiganja juu ya jiwe akasema anausikia mto kwa mkono. Nikamwambia tembo husikia hivyo hivyo, kwa nyayo. Kisha akataka hesabu: tembo wa msituni aliyetungwa mimba leo huko Lomami, lini atakuwa mama? Mimba ni miezi 22, nikamwambia, na watafiti wanaona wengi huzaa kwa mara ya kwanza wakiwa na miaka kama 23. Akahesabu kwa vidole, vikaisha, akaazima vyangu.

"Nitakuwa na miaka thelathini na minne, Papa," akasema, akitafuna samaki. "Opala nauli ya toleka ni ngapi?"