Utamu wa Zamu Mia za Kwanza

Mwaka 1991 kampuni ya MicroProse ya Marekani ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao Civilization, kazi ya Sid Meier na Bruce Shelley. Mchezaji anaanza mwaka 4000 kabla ya Kristo akiwa na walowezi na ramani iliyofunikwa giza. Anajenga mji, anaamua watu wake wajifunze ufinyanzi kwanza au ufugaji wa farasi, na miaka elfu sita ikishapita huwa ameitawala dunia, ametuma watu kwenye nyota nyingine, au amefutwa na jirani. Hadi mwaka 2025 yalikuwa yametoka matoleo makuu saba, na kanuni moja haijaguswa: unacheza zamu yako, wapinzani wanacheza zao, kisha inarudi kwako. Hata ukifikiri saa nzima kabla ya kusogeza askari mmoja, mchezo utakungoja.

Wanaoupenda husema hauachiki, na sababu iko katika namna ulivyosukwa. Hakuna zamu inayokuta kila kitu kimekamilika. Ghala limebakiza zamu mbili, elimu ya uandishi imebakiza tatu, na skauti zamu ijayo atafika juu ya ule mlima aone ng'ambo kuna nini. Kimoja kikiisha, kingine kiko mbioni kuisha. Ndiyo maana mtu mwenye akili zake timamu husema anamalizia zamu moja tu, kisha akasikia adhana ya alfajiri.

Lakini utamu wenyewe, kwa maoni yangu, uko mwanzoni, pale ardhi inapotoa amri na wewe unasikiliza. Katika toleo la sita, la mwaka 2016, mji usio na mto wala ziwa unadumaa kwa kukosa maji. Vyuo vinanawiri kando ya milima. Kila mtaa mkubwa wa mji unakula kipande chake cha ardhi, kwa hiyo ukijenga bandari hapa umejinyima kitu kingine papo hapo. Kisha unagundua chuma, unaangalia ramani, na kumbe chuma chote kiko kwa jirani. Sasa lazima uamue: kununua, kuoana naye kisiasa, au kupigana. Uamuzi wa namna hiyo una uzito kwa sababu hujui mbele kuna nini, na kosa la zamu ya ishirini utalilipa zamu ya mia. Sijaona mchezo mwingine wa kompyuta unaomfanya mtu aitazame ramani kwa makini kiasi hicho.

Baada ya hapo mambo hubadilika. Aliyetangulia kupata miji mingi anapata elimu haraka, elimu inampa jeshi bora, jeshi linampa miji zaidi. Ikifika katikati, mshindi anajulikana, ila mchezo hauishi. Bado una miji kumi na tano, na kila mmoja unauliza ujengewe nini. Unasogeza majeshi yasiyo na adui wa maana, unabonyeza na kubonyeza, saa zinakatika. Wachezaji wengi huziacha dola zao hapo bila kuzimaliza, nami siwalaumu.

Ukiomba upinzani mkali zaidi, unachopewa ni kompyuta iliyopendelewa, wala haijaongezewa akili. Katika ngazi ya juu kabisa ya toleo la sita, kila mpinzani anaanza na makundi matatu ya walowezi, wewe moja. Hapo vita vinakuwa vigumu kwa hesabu tu. Tangu toleo la tano, la mwaka 2010, kwa kawaida vikosi viwili vya vita haviruhusiwi kusimama kipande kimoja cha ramani, na kompyuta haijawahi kujua vizuri namna ya kupitisha jeshi kwenye njia nyembamba. Unaangusha dola kubwa kwa wapiga mishale wachache waliokaa vizuri nyuma ya mto.

Anayecheza bao la Kiswahili ataona tofauti mara moja. Kete ni 64 tangu mwanzo hadi mwisho, hakuna inayotoka mchezoni. Zinazotekwa zinapandwa upande wa aliyeteka. Mtu anayeelekea kushindwa anaweza kupata mtaji mmoja mzuri, yaani hatua ya kuteka, ukazunguka, ukageuza kila kitu. Mwenye kete nyingi hawezi kulala. Civilization haina mgeuko huo, na hili ndilo pengo lake kubwa.

Waundaji wa sasa, Firaxis, wanalijua. Toleo la saba, la mwaka 2025, lilipotoka liligawa historia katika enzi tatu, na kila enzi ilipoisha mambo mengi yalipangwa upya na taifa lako lilibadilika: Misri ya kale iliweza kuwa Songhai, kisha Buganda. Utambuzi wa ugonjwa ulikuwa sahihi, dawa ndiyo iliyokosea mahali. Wengi walilalamika, na nawaelewa, kwa kuwa mtu aliyelea watu wake tangu kijiji cha kwanza anataka kufika nao mwisho.

Kwetu sisi wa pwani kuna jambo jingine. Toleo la nne, la mwaka 2005, linafunguka kwa wimbo "Baba Yetu" wa Christopher Tin, Sala ya Bwana kwa Kiswahili, ambao mwaka 2011 ulikuwa muziki wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kupata tuzo ya Grammy. Sauti ya Kiswahili inakaribisha dunia nzima, kisha unatafuta Waswahili kwenye orodha ya mataifa, huwaoni. Katika toleo la sita Zanzibar ni mji mdogo unaongoja wajumbe wa wakubwa, na anayeupata anapewa mdalasini na karafuu. Kilwa Kisiwani ni jengo la ajabu ambalo hata Ujerumani inaweza kulijenga kwake.

Kilwa hiyo ilipiga sarafu zake yenyewe, ikasimamia dhahabu ya Sofala, na msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliusifu uzuri wake. Utajiri wake ulitokana na bandari na pepo, bila kuteka bara. Mchezo unaopima ukuu kwa kutanuka hauna namna ya kuiheshimu dola ya aina hiyo. Humankind, wa kampuni ya Amplitude ya Ufaransa, uliwaongeza Waswahili mwaka 2022, lakini hata humo ni watu wa enzi moja.

Vijana wanaoandika programu Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam wana mchezo wa zamu uliokwisha kujipanga wenyewe. Zamu mbili kwa mwaka, kaskazi na kusi. Kaskazi inaleta majahazi kutoka Arabuni, kusi inayarudisha, na anayechelewa kupakia anangoja mwaka mzima. Kilwa, Mombasa, Malindi, Pate na Lamu zishindane kwa mkopo, ndoa, uaminifu na shehena. Uandikeni mchezo huo.