Siku 4 kila mwezi

Wanamemba wapenzi wa Kampemba, tumezoea kuongea mbegu. Leo tuongelee mabinti. Binti akikosa masomo siku 4 kila mwezi sababu ya damu, katika miezi 9 amepoteza siku 36. Shamba lisilopaliliwa siku 36 litatupa nini?

Kitambaa cha pamba kinasaidia, kikibadilishwa mara kwa mara, kikifuliwa kwa sabuni na mayi safi, kikaanikwa juani. Kikifichwa chini ya godoro kwa haya, kinabaki na unyevu, kinaleta vijidudu: sawa vile mahindi yakiingia gunia mabichi yanaota ukungu.

Kila koperativi itenge pesa kidogo ya lengalenga kwa sabuni na vitambaa. Ba papa, fungeni kamba ya kuanikia, na msicheke. Ku masomo, tuombe choo chenye mlango na mayi.